Turbo iwe ya mwisho: kuijenga Golf GTI Mk5 ifikishe farasi 300

Ukiwa na Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano (Mk5) na unataka iwe na nguvu zaidi, ushauri wa kwanza utakaopewa ni utafute turbo ya K04, iliyo kubwa kuliko ya kiwandani. Turbo hiyo ni nzuri. Tatizo ni kuifunga kabla ya wakati wake: injini itapokea hewa nyingi kuliko petroli inayoweza kuletwa, na hewa iliyopungukiwa petroli ndiyo inayoyeyusha pistoni. Kwa injini hii anza na uzima wake, kisha petroli, kisha kupoza hewa, giaboksi na breki. Turbo inunuliwe mwisho.

Hakikisha kwanza unazungumzia injini ipi. Mk5 ina 2.0 TFSI ya familia ya EA113, cc 1,984, yenye alama ya AXX au BWA. Inatoka kiwandani na farasi 200, nguvu ya kuzungusha Nm 280, turbo ya K03 na mgandamizo wa 10.5 kwa 1. GTI Mk6 kwa macho inafanana nayo, lakini injini yake ni EA888 yenye cheni badala ya mkanda, na mengi yaliyo hapa chini hayaihusu. Mk5 nyingi za kwetu Kenya zilitoka Japani na Uingereza, na za Japani kwa kawaida zina giaboksi ya DSG, yaani otomatiki yenye klachi mbili. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo Mk5 yoyote utakayoinunua leo imeshazeekea hapa hapa, mikononi mwa watu kadhaa. Tenga theluthi ya bajeti yako kwa matengenezo tu kabla ya kufikiria farasi hata mmoja wa ziada.

Uzima wa injini

Pima mgandamizo wa silinda zote nne, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, petroli imekatwa na mtu amekanyaga akselereta hadi chini. Injini isiyo na ugonjwa husoma bar 11 hadi 14, na tofauti kati ya silinda isizidi bar 3. Hapo kuna jambo ambalo mafundi wengi wa Nairobi hulisahau: vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, hewa yake ina shinikizo la milibari 820 hivi badala ya 1,013, kwa hiyo geji itasoma chini kwa karibu moja ya tano. Bar 10 Nairobi si ugonjwa. Silinda moja ikisoma 7 na nyingine zikisoma 10, huo ndio ugonjwa.

Mkanda wa taimingi usio na historia ya maandishi ubadilishwe pamoja na tenshena na pampu ya maji. Valvu ya mvuke wa oili iliyo juu ya kifuniko cha injini ikipasuka utasikia mluzi na sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga akselereta) itayumba. Usijaribu kuiziba, inunue mpya. Valvu inayorudisha hewa ya turbo unapoachia akselereta, ile ya zamani, ina utando wa mpira unaochanika taratibu, na gari hupoteza nguvu bila taa yoyote kuwaka. Chukua toleo lenye pistoni ngumu. Koili zibadilishwe zote nne kwa mara moja, na plagi ziwe baridi kwa daraja moja kuliko za kiwandani, kwa mfano NGK BKR7EIX, mwanya ukiwa milimita 0.7. Mwanya mkubwa zaidi hufanya cheche izimwe na shinikizo la turbo, na dereva atadhani ni petroli inayokata.

Halafu kuna masizi. Injini hii hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo hakuna petroli inayopita juu ya valvu za kuingiza hewa na kuziosha. Baada ya miaka, valvu hujengeka ukoko mweusi mgumu. Toa manifoldi ya hewa, zungusha krankshafti mpaka valvu za silinda unayoisafisha ziwe zimefunga kabisa, jaza dawa ya kusafishia, iache ilowe, sugua kwa brashi, kisha nyonya uchafu wote kabla ya kwenda silinda inayofuata. Usikwangue valvu iliyo wazi hata kidogo, maana kipande kikidondoka ndani utafungua silinda hedi. Na kwa kuwa manifoldi ikitoka unafika kwenye injekta (vinyunyizio vya petroli), hapa ndipo mahali pa kuweka injekta za Audi S3, zenye uwezo mkubwa kuliko za GTI. Badilisha sili zake za tefloni, na usizipake grisi wala oili. Sili ya tefloni huingia kavu.

Petroli ndiyo dari

Hapa ndipo miradi mingi hufia, na ndipo inafaa kukaa muda mrefu. Injini ina pampu mbili za petroli. Ya kwanza iko tangini na kwa kiwango cha farasi 300 inatosha, mradi ni nzima. Ya pili iko juu ya silinda hedi, inasukumwa na kemshafti ya kuingiza hewa, na ndiyo inayopandisha petroli hadi bar 110. Pampu hii ya kiwandani huishiwa mapema. Ukiongeza shinikizo la turbo, gari litaenda vizuri gia ya pili, lakini gia ya nne ukipita mizunguko 5,000 kwa dakika shinikizo la petroli kwenye reli (bomba linaloligawia injekta) litaanza kushuka, mchanganyiko utapungukiwa petroli na kompyuta itakata nguvu. Dawa ni kuweka ndani ya pampu pistoni na silinda pana zaidi, au kununua pampu nzima iliyokwisha kuboreshwa.

Kati ya fimbo ya pampu na kemshafti kuna kikombe kidogo cha chuma chenye ngozi nyeusi, mafundi wanakiita foloa. Namba yake ni 06D109309C. Hakigharimu sana, lakini kikichakaa mpaka kikatoboka, fimbo ya pampu hula kemshafti, na vumbi la chuma huingia kwenye oili. Pampu kubwa huwa na springi kali zaidi, kwa hiyo hukichakaza upesi zaidi. Gari lenye pampu iliyoboreshwa likaguliwe foloa kila kilomita 10,000, na ibadilishwe kila 20,000 hata kama inaonekana nzuri. Ikiwa ngozi nyeusi imeshatoka katikati na chuma cheupe kinaonekana, usiirudishe.

Kuikagua ni kazi ya dakika arobaini. Injini iwe baridi. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, washa injini mpaka izime yenyewe ili shinikizo lishuke, vaa miwani, funika nati ya bomba la petroli kwa kitambaa na uilegeze polepole. Chomoa waya, toa bolti tatu za pampu kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, kwa sababu springi inasukuma na ukitoa moja yote kwanza utaipinda sehemu ya kukaa. Foloa itabaki ndani ya shimo, ivute kwa sumaku. Chungulia na kemshafti yenyewe: meno yake matatu yawe laini, yasiwe na mfereji. Wakati wa kurudisha, paka foloa mpya oili safi na sukuma pampu kwa mkono mpaka ikae kabla ya kukaza bolti. Oili ya injini iwe yenye kibali cha VW 502 00. Oili duni ndiyo adui mkubwa wa foloa.

Hesabu ya Nairobi na hesabu ya Mombasa

Programu za kompyuta ya injini zinazouzwa Ulaya zimetungwa kwa hewa ya usawa wa bahari na petroli ya okteni 98 (okteni ni uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe). Kompyuta ya Mk5, Bosch MED9.1, inalenga kiasi cha hewa kinachoingia, haijali uko wapi. Tuseme programu inataka milibari 2,200 kamili, yaani pamoja na shinikizo la hewa ya nje, ndani ya manifoldi. Mombasa turbo inazidisha hewa mara 2.2. Nairobi, kuipata ile ile, inabidi izidishe mara 2.7. Programu ikitaka 2,400, Nairobi ni karibu mara 3, na hapo K04 inazunguka kwa kasi isiyo yake: inachemsha hewa kuliko inavyoisukuma, na bearingi zinalipa gharama. Kwa hiyo kwa gari linaloishi Nairobi, Nakuru au Eldoret, mwombe mtungaji wa programu kilele kisichozidi 2,100 hadi 2,200, kikishuka hadi 1,900 hivi kwenye mizunguko 6,500. K04 hiyo hiyo inayotoa takriban farasi 330 pwani itakupa kama 300 bara, na itadumu.

Geji ya shinikizo uliyobandika kwenye dashibodi inasoma tofauti na hewa ya nje. Milibari 2,200 kamili ni bar 1.2 Mombasa na karibu 1.4 Nairobi. Mkilinganisha namba bila kutaja mji, hamjalinganisha kitu.

Okteni nayo usiifanyie mchezo. GTI ina mgandamizo wa 10.5, ilhali S3, ambayo K04 ilitoka kwake, ina 9.8 na konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krankshafti) imara zaidi. Kufunga K04 hakuigeuzi GTI kuwa S3. Chagua kituo kimoja chenye petroli ya okteni ya juu, tungiwa programu kwa petroli hiyo, usibadilishe. Konrodi za AXX na BWA huogopa nguvu nyingi inayokuja mapema kuliko farasi wengi walio juu. Sisitiza nguvu ya kuzungusha isizidi Nm 400, na chini ya mizunguko 3,500 iwe pungufu ya hapo. Gari litaonekana pole kidogo likianza, na hiyo ndiyo gharama ya kutopinda konrodi.

Kuifunga K04

Turbo unayoitafuta ni K04-064, ya Audi S3 8P, Golf GTI Edition 30, Golf R Mk6 au Seat Leon Cupra wa kipindi hicho. Iliyotumika ishike shafti kwa vidole: kucheza kidogo kwa upande si vibaya ikiwa kavu, kucheza kwenda mbele na nyuma usikukubali. Pamoja nayo nunua bomba la kutoa hewa la S3, paipu mpya ya kuleta oili, ya kurudisha oili, gasketi na nati mpya zote, intakula (kipoza hewa ya turbo) ya S3, kama bado hujaiweka, inayokaa pale pale pa ile ya zamani, na kihisi cha shinikizo cha bar 3. Kihisi cha GTI huishia bar 2.5, na programu lazima ijue kuwa kimebadilishwa.

Turbo iko nyuma ya injini, imebanwa na ukuta wa kabini, na manifoldi ya ekzosi ni chuma kimoja na nyumba ya turbo. Nati zake mwagia dawa ya kutu siku moja kabla, maana stadi ikikatikia kwenye silinda hedi umeongeza siku mbili za kazi. Bomba la kwanza la ekzosi liwe la milimita 76. Paipu ya zamani ya oili usiirudishe: ndani yake kuna masizi yaliyogandia na ndiyo huua turbo mpya. Kabla ya kuwasha, mimina oili kwenye tundu la turbo, kata petroli na cheche, piga stata mpaka taa ya oili izime, kisha washa na uache sailensa kwa dakika tano ukiangalia uvujaji chini.

DSG, breki na vipimo

Giaboksi na breki zishughulikiwe kabla ya turbo kuanza kazi. DSG ya gia sita ilitungiwa Nm 350. Ukizidisha bila kuibadilishia programu, klachi zitateleza gia ya tano na sita ukikanyaga kutoka mizunguko ya chini. Badilisha oili yake na filta: lita 5.2, ile maalumu ya DSG. Oili ya giaboksi otomatiki za kawaida itaiua. Kiwango hupimwa injini ikiwaka, oili ikiwa nyuzi 35 hadi 45.

Diski za mbele za milimita 312 zinatosha kwa safari za mjini, hazitoshi kwa kuteremka Mai Mahiu na farasi 300. Diski 345 za Golf R32 pamoja na kalipa zake zinaingia, ukiwa na rimu za inchi 18.

Rekodi data kwa VCDS (programu ya kusoma kompyuta ya gari) gia ya tatu, kutoka mizunguko 2,000 hadi 6,500, kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu) au uwanja uliofungwa. Kundi la 115 linaonyesha shinikizo lililoombwa na lililopatikana, la 020 jinsi kompyuta inavyochelewesha cheche kwa kila silinda, na la 032 marekebisho ya petroli. Cheche ikicheleweshwa nyuzi 3 za mzunguko wa krankshafti mara moja moja, sawa. Silinda mbili zikifika 6 mfululizo, acha, punguza shinikizo. Kwenye daino uliza namba isiyosahihishwa kwa mwinuko: kanuni ya kusahihisha ilitungiwa injini zisizo na turbo, na Nairobi huongeza farasi wengi ambao gari halina. Kundi la 003 litakusaidia kuhakiki, maana gramu za hewa kwa sekunde ukizigawa kwa 0.8 zinakaribia farasi halisi.

Kilomita 1,000 baada ya kufunga, gari likiwa baridi, kaza upya nati za turbo, angalia klipu za mipira yote ya hewa, fungua pampu na utazame foloa.