Makala iliyonukuliwa mara nyingi bado inahitaji kusomwa

Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi kwa mhariri: aya moja, sentensi tano. Ilisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliolazwa hospitalini na kupewa dawa za maumivu za jamii ya afyuni, ambao hawakuwa na historia ya uraibu, ni 4 tu waliothibitika kupata uraibu. Haikueleza dozi wala muda wa matibabu. Mwaka 2017 jarida hilohilo lilichapisha matokeo ya watafiti walioifuatilia barua ile. Walikuta imenukuliwa mara 608. Makala 439 ziliitumia kama ushahidi kwamba uraibu hutokea kwa nadra, na 491 hazikutaja kabisa kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa.

Nakuanzia hapo, mwenzangu unayeandaa mapitio yako ya kwanza, yaani kazi ya kukusanya na kupima tafiti zilizofanywa kuhusu swali moja, kwa sababu hivyo ndivyo dai linavyokua. Mmoja ananukuu, wa pili anamnukuu wa kwanza, wa tatu hafungui tena chanzo. Mapitio ya tafiti yapo ili kuukata mnyororo huo. Kwa hiyo hii ndiyo kanuni ninayoisimamia: hakuna chanzo kinachoingia kwenye mapitio yangu kwa ushuhuda wa makala nyingine. Nisipopata andiko lenyewe, silitumii.

Lakini kabla ya kusoma lazima utafute, na hapa wengi huharakisha. Kuandika swali zima kwenye Google Scholar na kuchukua kurasa mbili za mwanzo si utafutaji wa mapitio. Chombo hicho ni kizuri kwa kufuatilia nani amemnukuu nani, ila hakikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa utafutaji mmoja, na mpangilio wake huwezi kumweleza msomaji. Anza na hifadhidata za fani yako: PubMed kwa afya, ERIC kwa elimu, PsycINFO kwa saikolojia, kisha Scopus au Web of Science. Tumia angalau mbili.

Tuseme swali lako ni kama kulala saa chache kunaathiri ufaulu wa vijana walio shuleni. Lina dhana tatu: usingizi, ufaulu na vijana. Kwa kila dhana kusanya maneno yote ambayo waandishi huyatumia, na kwa kuwa ikisiri (muhtasari wa makala) nyingi huandikwa kwa Kiingereza, utayakusanya kwa Kiingereza. Mmoja ataandika "adolescent", mwingine "teenager", mwingine "student". Visawe unaviunganisha kwa OR (lolote kati yake), kisha makundi matatu unayaunganisha kwa AND (yote kwa pamoja). Ukiandika adolescen* na hiyo nyota, unapata maneno yote yanayoanza na herufi hizo. Kwenye PubMed ongeza vichwa vya mada vya MeSH, yaani maneno sanifu ambayo makala hupangwa kwayo, kisha fungua ukurasa wa utafutaji wa kina uone jinsi mfumo ulivyoyatafsiri maneno yako. Mara nyingi utakuta umeongeza kitu usichokiomba.

NOT, amri ya kuondoa matokeo yenye neno fulani, iogope. Ukiwaondoa "watu wazima" kwa NOT, unatupa pia kila utafiti uliowachunguza watu wazima na vijana kwa pamoja, na hutajua umeutupa.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: kabla ya kutafuta, orodhesha makala chache unazojua kwa hakika kwamba zinahusu swali lako. Endesha utafutaji. Kama mojawapo haikutokea, ifungue uangalie kichwa chake, ikisiri yake na maneno yake ya msingi. Hapo ndipo utaliona neno ulilolisahau. Rekebisha, endesha tena. Ukiwa na mkutubi wa utafiti karibu, mpelekee, kwani watu hawa wanajua mengi na wengi wetu tunawafikia tumechelewa. Na hifadhi kila mfuatano wa maneno kama ulivyo, pamoja na jina la hifadhidata, tarehe na idadi ya matokeo. Mwongozo wa PRISMA wa mwaka 2020, unaoeleza jinsi ya kuripoti mapitio, utakudai hayo yote, na kuyakumbuka baada ya miezi kadhaa haiwezekani.

Kuchuja matokeo kwa kusoma vichwa na ikisiri, ili kuamua ipi ibaki, kunachosha. Mfanye wawili, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe.

Kwenye tathmini, soma sehemu ya mbinu kabla ya matokeo na mjadala. Nani walichunguzwa, walilinganishwa na nani, wangapi walitoka njiani, na kilichopimwa ni kilekile kilichoahidiwa? Kwa majaribio ya kitabibu swali hilo la mwisho lina jibu, kwa kuwa mengi husajiliwa kabla ya kuanza, pamoja na kile yanachokusudia kupima. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha majaribio 74 ya dawa za sonona yaliyosajiliwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani na yale yaliyochapishwa. Kati ya 38 yenye matokeo mazuri, 37 yalichapishwa. Kati ya 36 yaliyobaki, 22 hayakuchapishwa kabisa, na 11 yalichapishwa kwa namna iliyoyafanya yaonekane mazuri. Aliyesoma majarida peke yake alikuwa anasoma upande mmoja wa ushahidi. Kwa hiyo ingia kwenye rejista pia, utafute na tasnifu na ripoti za taasisi.

Angalia pia utafiti mmoja uliochapishwa mara mbili. Linganisha majina ya waandishi, mahali, tarehe za ukusanyaji na ukubwa wa sampuli. Mapitio ya dawa ya kuzuia kutapika, ondansetron, yaliyotoka mwaka 1997 yalionyesha kwamba kuhesabu data zilizorudiwa kulikuza ufanisi wa dawa kwa asilimia 23.

Siku chache kabla ya kuwasilisha, endesha utafutaji wako upya, kisha pitia kila makala uliyoijumuisha uone kama imefutwa na jarida. Makala ya Lancet ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilifutwa rasmi mwaka 2010, miaka 12 baadaye. Nakala uliyoipakua kwenye kompyuta yako haitakuambia hilo. Nenda kwenye ukurasa wa jarida lenyewe.