Maswali ya Wasomaji: Kuihamishia The Matrix Kwenye Meza ya Gemu

Mwezi huu barua nyingi zimegusa kitu kimoja kwa hiyo nimeziweka pamoja. Kwa wageni: gemu ya mezani ya kuigiza ni ile ambayo watu wanakaa mezani, kila mmoja ana mhusika wake, mmoja anaendesha dunia nzima na tunamuita gemu masta, na pale ambapo hakuna mwenye uhakika dadu zinaamua. Kikao kimoja tunakiita sesheni, stori ndefu ya sesheni nyingi ni kampeni, na seti ya sheria za kuchezea ni sistemu. The Matrix ni muvi ya 1999 ya Lana na Lilly Wachowski, watu wanaishi kwenye mji uliotengenezwa na mashine huku miili yao imelala kwenye matangi, wachache wametolewa na wanarudi humo ndani kupambana. Haya twende.

Habari za kazi kaka. Tuko watano, tunacheza D&D (Dungeons & Dragons) kwa sheria za bure za mtandaoni na dadu za kwenye simu. Nataka kuanzisha kampeni ya The Matrix ila wote washaiona muvi, wengine mara kibao. Siri wanaijua, sasa nitawashika na nini? Na kuna sistemu itakayokubali dadu za ludo? Ndo tulizonazo za kushika mkononi. – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

Mdogo wangu, siri achana nayo. Ukianza kampeni wahusika hawajui kitu na wachezaji wanajua kila kitu utapoteza sesheni mbili watu wanaigiza kushangaa, na kuigiza kushangaa kunachosha kuliko unavyodhani. Anza wakiwa washameza kidonge chekundu, kile cha kumtoa mtu kwenye ule mji, washatolewa, wako melini, kwenye chombo wanachoishi waliotolewa.

Kinachoshika kwenye ile stori ni bei. Mwangalie Cypher, mmoja wa waliotolewa, amekaa mgahawani na Agent Smith, mmoja wa Maejenti, programu za mashine zenye sura ya mtu zinazowawinda waliotolewa, anakula steki, anajua kabisa hiyo nyama haipo na bado anataka kurudi kulala, na ukimsikiliza vizuri haongei ujinga, kachoka na uji wa melini, kachoka na baridi na kukimbizwa kila siku. Hapo ndo kampeni yako ilipo. Sesheni ya kwanza kabla ya dadu yoyote mpe kila mchezaji karatasi aandike majina matatu ya aliowaacha kule ndani. Watu, siyo mali. Mama ambaye bado anampakulia chakula jioni na kukifunika. Mdogo wake aliyekuwa anamlipia ada. Mchumba. Halafu wakumbushe sheria moja ya muvi, kwamba Agent anaweza kuingia kwenye mwili wa mtu yeyote ambaye bado ameunganishwa, yeyote yule, kwa hiyo siku ukizidiwa na hamu ukaenda kumsalimia mama unaweza kuwa umempeleka Agent sebuleni kwake, tena ndani ya mwili wake mwenyewe. Nakuhakikishia hakuna mtu atakayeuliza siri iko wapi.

Hii inaweza kumuumiza mtu kweli, labda kafiwa juzi tu na hajasema. Weka katikati ya meza kikaratasi chenye alama ya X, mtu akikigusa mnaruka hicho kipande na haulizwi sababu.

Sistemu, ningekuwa wewe ningechukua Fate. Sheria zake ziko bure mtandaoni na dadu za kawaida zinatosha: unarusha nne, 1 na 2 ni kutoa moja, 3 na 4 ni sifuri, 5 na 6 ni kuongeza moja, basi. Kila mhusika anaelezwa kwa maneno machache na mojawapo ni tatizo lake la kudumu, likimbana katikati ya stori anapewa pointi ya kuja kuitumia baadaye. Yule mama anapata kazi kwenye sheria za gemu, hakai tu kwenye karatasi kama pambo. GURPS ambayo ipo tangu 1986 nayo inaweza kuibeba, ina sheria ya karibu kila kitu chini ya jua, ila kikundi chako kitakaa wiki nzima kinajumlisha pointi.

Salaam aleikum ndugu. Mie nimekwama kwenye karatasi za wahusika. Ndani mtu anaruka magorofa, nje huyo huyo ni mgonjwa mgonjwa wa melini. Nifanye wahusika wawili? Na akifa ndani yuafaje nje? – Msomaji, Mombasa

Waaleikum salaam. Karatasi moja, pande mbili. Mbele ni mtu wa ndani, ujuzi wake ni wa kupakiwa, Trinity, mpiganaji wa kwenye muvi, anapiga simu melini na sekunde chache baadaye anajua kurusha helikopta, kwa hiyo usimpangie mtu ujuzi wa kudumu mrefu, mpe nafasi chache tu za kupakia na akitaka kipya kimoja kinatoka. Nyuma ni mwili wenyewe: njaa, misuli ambayo haijawahi kutumika, matundu ya nyaya mgongoni. Kiboksi cha majeraha kiwe kimoja kwa pande zote mbili, ukipigwa ndani damu inatoka nje, maana mwili hauishi bila akili. Hiyo sheria usiilegeze hata kidogo. Ukiilegeza tu, mle ndani panakuwa pa kuchezea na hakuna wa kuogopa kitu.

Sasa kwenye kuruka magorofa, hapa ndo napapenda zaidi. Kwenye muvi kila mtu anaanguka mara ya kwanza, hata Neo, shujaa wa muvi, japo programu ya kuruka wote wamepakiwa ile ile. Kinachomwangusha ni kwamba bado anaiamini lami iliyoko chini. Kwa hiyo mpe kila mhusika namba inayoitwa Mashaka, inaanza na 5. Akitaka kuvunja sheria ya dunia, kutembea ukutani, kukwepa risasi, anarusha dadu moja na lazima ipite Mashaka yake, yaani mwanzoni ni 6 peke yake. Mchezaji anaruhusiwa kupunguza Mashaka kwa moja wakati wowote anaotaka, hata katikati ya mapigano, lakini kila akipunguza anakata jina moja kati ya yale matatu niliyomwambia mwenzako wa Tabata. Aliyekatwa hafi. Ila mhusika ameacha kumuona kama mtu wa kweli, anamuona ni picha tu kama hiyo lami, na hamletei pointi tena. Majina yakiisha Mashaka ni 2, anapaa karibu atakavyo na hana wa kumrudia. Mchezaji akiwa ukingoni mwa gorofa, risasi zinakuja, ameshika kalamu juu ya jina la dada yake na meza yote imenyamaza, hapo utaona gemu imeingia.

Na opereta usimfanye wewe, mpe mchezaji, zamu kwa zamu kila misheni. Yeye yuko melini anaangalia skrini, anawapakia ujuzi, anawatafutia simu ya kutokea, maana kwenye muvi mtu anatoka mle ndani kwa kupokea simu. Halafu mwekee mashine zile zenye mikono mirefu zinakaribia meli. Silaha pekee ya maana ni mlipuko wa EMP, wimbi la sumaku-umeme linaloua mashine, nao unazima umeme wote wa meli, kwa hiyo hawezi kuubonyeza wakati wenzake bado wameunganishwa. Weka saa ya simu mezani dakika 10 inarudi nyuma kila mtu anaiona. Usiongee sana, iache ihesabu.

Niaje. Maejenti wangu ni wakali sana, sesheni ya pili tu wamemaliza kikundi chote na sasa wasee wanasema gemu si fair. Niwapunguzie nguvu? – Msomaji, Nairobi

Usipunguze, wape wachezaji dalili mapema. Agent hana haja ya kuwa na afya wala pointi za kupigwa. Chora duara lenye vipande sita, kila mtu ambaye bado ameunganishwa akishuhudia muujiza unapaka kipande kimoja, duara likijaa Agent amefika na kazi inabaki moja tu, kukimbilia simu. Wazo la dunia kukuadhibu ukifanya miujiza mbele ya watu wa kawaida nimelitoa kwenye Mage: The Ascension, gemu ya 1993, soma sheria zake za Paradox utapata mengine. Na wakifaulu kumuua Agent usiwaache washangilie haraka, pale chini panabaki maiti ya yule mtu aliyeingiliwa, mlinzi, dereva, muuza mitumba. Waambie alikuwa amevaa nini.

Kaka shikamoo. Mimi nimekulia Ilala, sasa niko Uingereza na tunacheza Watanzania wanne kwa video kila Jumamosi. Ni lazima mji uwe ule wa Kimarekani wa kwenye muvi? Natamani iwe Dar. – Msomaji, Leicester

Marahaba. Siyo lazima kabisa, na Dar inakupa kitu ambacho mji wa muvi hauna. Morpheus, kapteni aliyemtoa Neo, anamwambia Neo kwamba anadhani ni 1999 wakati nje ni karibu 2199. Basi na wewe weka Dar ya 1999. Kwenye muvi ya kwanza simu ya mkononi inakuunganisha na opereta lakini kutoka unatoka kwa simu ya mezani tu, na Dar ya mwaka ule simu ya mezani haikuwa kitu cha kila nyumba, ilikuwa ofisini, hotelini, posta, kibanda cha kadi cha TTCL, na kwa jirani mwenye uwezo anayeifungia kufuli. Mji mzima milango michache. Waambie wachezaji wako wako Buguruni, saa nne usiku, Agent yuko nyuma, simu iko wapi? Watapanga wenyewe, maana mji wanaujua.

Dalili ya mashine kubadilisha kitu kwenye muvi ni paka mweusi anayepita mara mbili. Kwako awe muuza kahawa, anapita na birika, anagonga vikombe mara nne, anakohoa, anahamishia birika mkono wa kushoto. Dakika moja baadaye anapita tena, vikombe mara nne, anakohoa pale pale. Na Agent anapoingia aanze kwenye sauti, konda ananing'inia mlangoni anaita Posta Posta Po, inakatika, anageuka taratibu na hana tena haraka ya abiria.

Kuna moja kubwa zaidi, hii ni yangu, muvi haisemi. Tuseme mashine zinaurudia mwaka ule ule, ukifika mwisho unaanza upya na watu wanasahau. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Maana yake kila mwaka unaporudi nchi nzima inalia upya kama mara ya kwanza, foleni zile zile, redio zile zile. Halafu kuna bibi mmoja wa Ilala, amesimama barabarani kwenye umati, anaanza kusema polepole kwamba huu msiba alishaulia. Huyo ndo mtu ambaye kikundi chako kimetumwa kumtoa. Na Morpheus anasema mwenyewe, akili ikishapita umri fulani huwa hawaitoi, haipokei. Usiandae jibu. Waulize wachezaji watafanya nini na bibi huyu.

Wachezaji wangu wanagombania kuwa Neo. Nimpe nani? – Msomaji, Mwanza

Usimpe mtu. Wape meli yao, Zion, mji wa binadamu walio huru, ina meli nyingi, zile muvi za mwendelezo za 2003 zinaonyesha Logos ya kapteni Niobe na nyinginezo, na wao waipe jina na kapteni wachague kwa kura. Neo abaki ni habari tu inayosikika kwenye redio ya meli nyingine, tena kwa mikwaruzo, na wapo wanaosema ni uongo.