Dawa Iliyomfaa Jirani Yangu Ilinichuna Ngozi

Juzi msomaji wa Kisauni ameniandikia: "Ami, kakangu amelazwa, ngozi inambanduka baada ya kumeza dawa za gauti. Nami nimeandikiwa zizo hizo. Nimeze?"

Mwanangu, usimeze hata kimoja kabla hujamweleza daktari yaliyompata kakako.

Njia hiyo nimeipita. Nilianza alopurinoli, dawa ya gauti, ule ugonjwa wa maumivu makali ya viungo, kwa sababu ya kidole gumba cha mguu, usiku hata shuka likikigusa nalia. Jirani yangu hapa Majengo ameimeza miaka, hana hata kipele. Mimi wiki ya tatu nikashikwa na homa, macho yakawa kama yametiwa pilipili, mdomo ukajaa vidonda, uji ukanishinda. Dukani kwa dawa nikaambiwa ni surua, niendelee na vidonge vyangu. Mtaani wakasema nimerogwa. Hao wa mtaani nimewasamehe. La dukani linaniuma hadi leo, maana kila kidonge nilichoongeza kilizidi kuniunguza, mpaka siku mke wangu aliponigeuza na ngozi ya mgongo ikabaki kwenye shuka.

Ya wodini nayaruka. Daktari mmoja ndiye aliyenifafanulia. Tuna jeni ziitwazo HLA, zinazozionyesha seli za kinga kilichomo ndani ya seli nyingine ili adui ajulikane. Nusu unazipata kwa baba, nusu kwa mama. Mwenye aina ya HLA-B*58:01 akimeza alopurinoli, kinga yake yaweza kuigeukia ngozi yake mwenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa Taiwan walitangaza kwamba wagonjwa 51 waliodhuriwa vibaya na dawa hii, wote 51 walikuwa na aina hiyo. Hata kati ya walioimeza wakasalimika, kama 15 katika kila 100 walikuwa nayo, kwa hiyo si kila mwenye nayo hudhurika. Wala msidhani haya ni ya Wachina peke yao: mwongozo wa Marekani wa 2020 unashauri Wamarekani weusi nao wapimwe kabla ya kuanza dawa.

Jamani, jueni majina ya dawa zenu! "Vile vidonge vyeupe" haimsaidii daktari. Homa ikija pamoja na vipele, macho mekundu au vidonda vya mdomo, acha dawa hiyo na ukimbilie hospitali, si dukani. Na ikishakudhuru namna hiyo, usiijaribu tena maishani. Mimi jina lake limeandikwa kwa wino mwekundu juu ya kadi yangu ya kliniki, na ndugu zangu wote nimewapigia simu, hadi walioko Lamu.

Nawe wa Kisauni, kama mmechangia baba na mama na kakako ana jeni hiyo, uwezekano wa wewe kuirithi ni angalau nusu kwa nusu. Chukua pakiti ya dawa zake uende nayo kwa daktari, uulize kipimo cha jeni hiyo, umweleze na hali ya figo zako, kwa kuwa figo mbovu huzidisha hatari. Dawa nyingine za gauti zipo, atakuchagulia.