Bomba la maji machafu la sinki likivuja, anza na washa (pete ya mpira) kabla ya kukaza nati

Kwa wiki tatu beseni dogo lilikaa ndani ya kabati la sinki la jikoni kwangu. Kila asubuhi nililimwaga na kulirudisha. Nati nilikuwa nimeshaikaza mara nne. Nilikuwa nimezungushia thredi tepu nyeupe ya Tefloni mpaka nati ikakataa kuingia sawasawa. Mwisho nikapaka silikoni ya kuzibia kwa nje, kiungo chote. Ilikauka vizuri, na siku ya pili ikabanduka kama gamba. Maji yakaendelea kudondoka, na ubao wa chini ya kabati ukaanza kuvimba.

Fundi niliyemwita hakutoa kifaa chochote kwanza. Alifungua nati kwa mkono, akachomoa washa na kuniwekea kiganjani. "Mwanangu, itazame hii." Upande mmoja ulikuwa bapa, wa pili umechongoka kama mdomo wa faneli. Ule uliochongoka ndio uliokuwa umeelekea kwenye nati. Tena washa ilikuwa imejikunja: mkunjo mwembamba kama alama ya ukucha, kutoka ukingo wa ndani mpaka wa nje. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya maji, na ningeweza kukaza nati mpaka ipasuke bila kuiziba.

Tangu siku ile nimefungua na kufunga mabomba ya sinki mengi, yangu na ya ndugu na majirani, na karibu kila mara kosa ni lilelile. Watu wanadhani thredi ndizo zinazozuia maji. Kwenye bomba la maji machafu chini ya sinki, kazi ya thredi ni kuvuta nati tu. Nati inasukuma washa, washa inabanwa kati ya bomba na mdomo wa kiungo, na hapo ndipo maji yanapozuiwa. Maji yenyewe hayana presha, yanashuka kwa uzito wake. Kwa hiyo washa iliyokaa vizuri haihitaji kubanwa kwa nguvu nyingi, na iliyokaa vibaya haiokolewi na nguvu yoyote.

Ndiyo maana tepu ya Tefloni haina kazi hapa. Mahali pake ni kwenye mabomba ya maji safi yenye presha, kwenye zile thredi zinazopungua unene kuelekea mwisho, ambako thredi zenyewe ndizo zinazoziba. Ukiizungusha kwenye nati ya plastiki ya bomba la taka, unaongeza unene usiotakiwa. Nati inakwama kabla ya kufika mwisho, wewe unahisi imekaza, kumbe washa haijaguswa. Nati za plastiki pia hupasuka kwa kulazimishwa namna hiyo, na ufa wake huwa mwembamba kiasi kwamba unaweza kuutafuta muda mrefu bila kuuona.

Sasa kilainishi, jambo ambalo wengi hulipita. Mkunjo kwenye washa yangu ulitokana na ukavu. Nati ikizunguka juu ya mpira mkavu, inaung'ang'ania na kuuburuza. Mpira unajisokota, ukingo mmoja unaingia ndani, mwingine unabaki nje. Utandu mwembamba wa grisi unaiacha nati iteleze juu ya washa, na washa isogee mbele moja kwa moja bila kuzunguka. Bomba nalo linaingia bila kuukwaruza mpira. Grisi haizibi chochote, inaisaidia tu washa ikae pale inapotakiwa.

Mimi hutumia grisi ya silikoni. Kiasi cha punje ya dengu kinatosha kiungo kimoja. Naipaka kwa kidole pande zote za washa, ndani na nje, kisha nafuta iliyozidi. Kidogo napitisha kwenye thredi pia, hasa kama nati na bomba ni vya shaba iliyopakwa kromu, kwa sababu hizo zikikaa miaka zinagandana, na siku ya kuzifungua unaweza kuvunja kitu. Usichanganye grisi ya silikoni na silikoni ya kuzibia. Majina yanafanana, lakini moja hubaki laini na nyingine hukauka ikawa mpira. Na kama washa yenyewe imetengenezwa kwa silikoni, grisi hiyo iache, maana inaweza kuivimbisha. Hapo maji yenye sabuni yanatosha.

Mafuta ya mgando yapo karibu kila nyumba na yanateleza vizuri, kwa hiyo watu huyapaka. Niliwahi kuyatumia kwenye sinki la kunawia mikono. Miezi michache baadaye nikafungua na kukuta washa imelainika na kutanuka hata haikurudi tena mahali pake. Mafuta yatokanayo na petroli huvimbisha mpira wa asili na aina nyingine kadhaa za mpira, na kuudhoofisha. Grisi ya gari ni vilevile. Usipopata grisi ya silikoni, tumia tone la sabuni ya vyombo. Itakauka baadaye, lakini kwa wakati huo washa itakuwa imeshakaa.

Silikoni ya kuzibia na puti, ile ya kuzibia iliyo laini kama udongo, zina kazi, ila juu kabisa, pale kichujio kinapokaa kwenye tundu la sinki. Kwa sinki la chuma puti inafaa. Kwa marumaru au jiwe lingine linalonyonya, puti za kawaida zina mafuta na huacha doa lisilotoka, kwa hiyo chagua silikoni na uiache saa 24 kabla ya kumwaga maji. Kwenye viungo vya chini usiipake. Trapu, yaani lile bomba lililopinda chini ya sinki, zikiwa za plastiki nyingi ni za aina iitwayo polipropilini, na silikoni haishiki vizuri juu yake. Ndiyo sababu ile yangu ilibanduka.

Kabla ya kufunga, futa bomba mpaka liwe safi kabisa. Pitisha kidole pale washa itakapokaa. Ukisikia mkwaruzo, au vinyweleo vya plastiki vilivyobaki baada ya kukata kwa msumeno, viondoe kwa msasa laini. Washa ya zamani iliyokauka usiirudishe. Nenda nayo dukani ukalinganishe, kwa sababu vipimo hudanganya macho: sinki la kunawia mara nyingi ni inchi 1¼ au mm 32, la jikoni inchi 1½ au mm 40, na hizo mbili za mwisho zinakaribiana bila kuwa sawa. Inchi 1½ ni kama mm 38, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuleta tone.

Ingiza nati kwanza kwenye bomba, halafu washa, upande bapa ukielekea nati na uliochongoka ukielekea ndani ya kiungo. Kisha tazama mstari wa bomba. Likiingia kwa pembe, washa inabanwa upande mmoja na kulegea upande wa pili. Legeza viungo vyote, yasogeze mabomba mpaka yakutane yenyewe bila kuvutwa, ndipo ukaze. Anza nati kwa kuizungusha kinyume taratibu, mpaka usikie imeshuka kidogo na kupata mwanzo wa thredi. Kaza kwa mkono mpaka ikatae, ongeza robo mzunguko kwa koleo lenye kitambaa, basi.

Kupima, usifungue bomba kidogo tu ukaangalia. Jaza sinki mpaka juu, kisha achia maji yote kwa mpigo, kwanza ya moto halafu ya baridi, maana plastiki hutanuka na kunywea. Shika karatasi laini kavu na uipitishe kila kiungo, ukianzia juu kwenda chini. Utaratibu huo ni muhimu, kwa sababu maji hutambaa nje ya bomba na kudondokea mahali pa chini kabisa, na wengi hufungua trapu isiyo na kosa wakati kiungo cha juu ndicho kinachovuja.

Ukimaliza, tandaza karatasi kavu chini ya trapu na uiache usiku kucha. Trapu hubaki na maji muda wote, ndiyo yanayozuia harufu ya bomba isipande ndani, kwa hiyo viungo vyake vya chini vinapimwa hata mkiwa mmelala. Asubuhi ukikuta doa, usikaze. Fungua, toa washa, iweke kiganjani na uiangalie kwenye mwanga.