Senti zijipandishe zenyewe: kupanga bei kwa ruwaza katika InDesign

Swali

Nafanya kazi Kondele, Kisumu. Kila baada ya wiki mbili napanga kwa InDesign, programu ya kupanga kurasa, kipeperushi cha ofa cha supamaketi moja: kurasa nane, bidhaa kama 240. Mwenye duka anataka KSh iwe ndogo, shilingi ziwe nene, na senti zipande juu zikiwa ndogo. Nafanya kwa mkono, bei moja baada ya nyingine, na zikibadilishwa usiku naanza upya. Nimesikia kuhusu mitindo ya GREP, ambayo huvisha yenyewe maandishi yanayolingana na ruwaza (alama zinazoeleza umbo la maandishi yanayotafutwa), nikaandika (?<=KSh\s[\d,]+\.)\d\d lakini hakuna kilichotokea. Hata ujumbe wa kosa sikuona. Nimekosea wapi? Pia, nukta kabla ya senti niifute kabisa? Mteja anasema inachafua ukurasa.

Jibu

Dada, umefanya vizuri kuniandikia ruwaza yenyewe kama ulivyoichapa, maana kosa nimeliona pale pale, nalo ni dogo kuliko unavyofikiri.

Ruwaza yako inasema: tafuta tarakimu mbili, lakini kwanza geuka nyuma uhakikishe zimetanguliwa na KSh, nafasi, tarakimu na mikato kadhaa, kisha nukta. Wazo ni sahihi kabisa. Kinachoiangusha ni ile alama ya kujumlisha ndani ya mabano. InDesign ikiambiwa igeuke nyuma, lazima ijue mapema irudi hatua ngapi. Ukiandika (?<=\d\.) inajua ni hatua mbili, basi. Ukiandika [\d,]+ haiwezi kujua: kwenye KSh 85.00 sehemu hiyo ina herufi mbili, kwenye KSh 12,499.00 ina sita. Kwa hiyo inaiacha ruwaza nzima kimya kimya, nawe unabaki ukikagua mtindo wa herufi ukidhani tatizo liko huko.

Jaribu hii badala yake:

KSh\s?[\d,]+\.\K\d\d\b

Kiini chake ni \K. Inaiambia programu kwamba yote yaliyo kushoto ni sharti tu, yawepo lakini yasiguswe, na kwamba kinachovishwa mtindo kinaanzia hapo. Alama ya kuuliza baada ya \s inaruhusu nafasi iwepo au isiwepo. Ile \b ya mwisho inahakikisha tarakimu ni mbili kamili, wala si mbili za mwanzo katika namba ndefu.

Mitindo ya GREP ilikuja na InDesign CS4 mwaka 2008. Mwaka mmoja kabla, katika CS3, GREP ilikuwa kwenye dirisha la kutafuta na kubadilisha peke yake. Tofauti ya mambo haya mawili inawachanganya wengi, kwa hiyo ishike sasa hivi: mtindo wa GREP huvisha maandishi tu, haubadilishi hata herufi moja. Kutafuta na kubadilisha huyabadilisha maandishi yenyewe. Kazi yako inahitaji zote mbili, lakini kila moja kwa wakati wake.

Tuanze na kuvisha. Tengeneza mtindo wa aya uuite Bei. Uupe fonti nene na ukubwa wa shilingi, kwa sababu shilingi ndizo nyingi na ndizo anazozitafuta mnunuzi. Hapo shilingi hazihitaji ruwaza yoyote. Ruwaza zinabaki kwa yale yanayotofautiana: KSh na senti. Nimeona wenzetu wakiandika ruwaza tano kwa bei moja, na waraka unakuwa mzito kila unapogusa neno. Mbili zinatosha.

Kisha tengeneza mitindo miwili ya herufi, mmoja Alama, wa kuipunguza KSh, mwingine Senti. Hapa nakuomba uwe na subira. Usijaze kila kisanduku. Katika Senti weka jambo moja tu, kwamba herufi zipande juu, yaani "Superscript" katika sehemu ya "Position". Fonti, rangi na ukubwa viache vitupu. Ukiandika ukubwa wa pointi 18 humo, siku utakapopewa bei ya ukurasa wa mbele yenye pointi 90 senti zitabaki 18 zikionekana kama vumbi. Ukiacha "Superscript" ifanye kazi, senti hukua na kupungua pamoja na bei.

Vipimo vyake viko kwenye mapendeleo ya programu, sehemu ya "Advanced Type". Vinavyokuja na programu ni asilimia 58.3 ya ukubwa na asilimia 33.3 ya kupanda. Kwa namba ndogo ya tanbihi vinafaa. Kwa bei kubwa, vichwa vya senti mara nyingi hutokeza kidogo juu ya vichwa vya shilingi, na jicho la mnunuzi huona kitu hakijakaa sawa hata asipojua ni nini. Vuta mstari wa mwongozo uguse kichwa cha tarakimu kubwa, kuza ukurasa, halafu teremsha ile 33.3 kidogo kidogo mpaka senti ziguse mstari huo huo. Kwa fonti ninayoitumia mimi huishia karibu na 29. Yako itakuwa na namba yake, na ukishaipata, iandike mahali.

Sasa rudi kwenye mtindo wa aya Bei, fungua "GREP Style", bonyeza "New GREP Style". Kwenye "Apply Style" chagua Alama, na kwenye "To Text" weka:

\bKSh(?=\s?\d)

Hii inatazama mbele badala ya nyuma: KSh ivishwe tu kama inafuatwa na tarakimu. Kutazama mbele hakuna ule mpaka wa urefu, kwa hiyo hata ukiandika ruwaza ndefu humo itafanya kazi. Bonyeza tena "New GREP Style", chagua Senti, weka ile ruwaza ya \K. Funga dirisha. Kila aya utakayoipa mtindo wa Bei itajipanga yenyewe, na usiku mwenye duka akipiga simu kwamba sukari imepanda, unafuta 289 unaandika 309 na senti zinabaki mahali pake.

Kwa nini nang'ang'ania KSh iwemo ndani ya ruwaza ya senti, ilhali (?<=\d\.)\d\d\b ni fupi na haina \K? Kwa sababu kipeperushi kimejaa nukta ambazo si za bei. Chukua mstari huu, ambao una kila kitu mahali pamoja:

Mafuta ya kupikia 2.50 L, KSh 749.00, hadi 30.06.2025

Ruwaza fupi itapandisha 50 ya lita, itapandisha 00 ya bei, na itapandisha 06 ya mwezi wa sita. Ile ya KSh itagusa 00 peke yake. Kama una mashine ya zamani ambayo haiikubali \K, tumia ruwaza fupi, lakini basi hakikisha bei inakaa kwenye aya yake yenyewe yenye mtindo wa Bei, na jina la bidhaa na tarehe viko kwenye aya nyingine. Mimi hupenda kuzitenganisha hata ninapokuwa na \K. Inanilinda dhidi ya makosa ambayo sijayafikiria.

Bei ya zamani yenye mstari wa kukata pia inawezekana. Tengeneza mtindo wa herufi wenye "Strikethrough" pekee, na ruwaza yake iwe:

Ilikuwa\s\KKSh\s?[\d,]+(\.\d\d)?

Senti za bei hiyo zitapanda juu na papo hapo zitakatwa. Ukivisha kwa mkono, herufi hupokea mtindo mmoja tu wa herufi. Mitindo ya GREP hubebana, mradi haigombanii sifa moja. Ikigombana, ule ulio chini zaidi kwenye orodha ndio unaoshinda.

Sasa lile la nukta. Dada, usiifute. Nakusihi.

Namwelewa mteja wako, senti zilizopanda juu tayari zinaonyesha mpaka, na nukta inaonekana haina kazi. Miaka kadhaa iliyopita nilikubali hoja hiyo hiyo. Nilitafuta nukta zote kwenye bei nikazifuta, kipeperushi kikatoka kizuri, kila mtu akafurahi. Baada ya wiki chache duka lilitaka vibandiko vya rafu kutoka faili lile lile. Mtu akanakili maandishi, akayabandika kwenye jedwali, na mtindo wa kupandisha senti ukapotea njiani kama unavyopotea kila mara. Unga wa KSh 189.00 ukawa KSh 18900. Bidhaa zaidi ya mia moja zilikuwa hivyo. Tulizikuta kabla ya kuchapisha, lakini tulizirekebisha moja moja tukilinganisha na orodha ya karatasi, na kazi hiyo ilikula siku nzima ambayo haikulipwa na mtu.

Tangu hapo kanuni yangu haijabadilika: maandishi yaliyo chini ya mapambo lazima yabaki bei ya kweli. Mtu akinakili kutoka PDF akamtumia jirani kwa WhatsApp, isomeke 189.00. Kama nukta inamkera mteja, ipunguze umbo. Tengeneza mtindo wa herufi uitwao Nukta, upe rangi hafifu au upana wa asilimia 50, na ruwaza KSh\s?[\d,]+\K\.(?=\d\d\b). Itajificha kwenye kona ya tarakimu bila kuondoka. Ukimwonyesha mteja hivyo, nina hakika atakubali.

Kabla ya yote haya, orodha yenyewe isafishwe, na hapa ndipo kutafuta na kubadilisha kunapohitajika. Karani mmoja huandika Kshs. 120, mwingine KSH120/=, wa tatu ksh 99.5, na wote wako kwenye faili moja. Fungua dirisha la kutafuta, ingia sehemu ya GREP. Tafuta:

(?i)\bkshs?\.?\s*(?=\d)

na badilisha kwa KSh~S. Ile (?i) inapuuza herufi kubwa na ndogo. ~S ni nafasi isiyokatika, ili KSh isibaki peke yake mwisho wa mstari huku namba imeshuka chini. Ruwaza zetu za mwanzo zinaitambua kama nafasi nyingine yoyote.

Halafu mkwaju na alama ya usawa. Ukibadilisha kila /= iwe .00 kwa mkupuo mmoja, ile bei iliyoandikwa 99.50/= itageuka 99.50.00. Kwa hiyo nenda kwa mpangilio. Kwanza tafuta (?<=\.\d\d)/(=|-) na uache sehemu ya kubadilisha ikiwa tupu. Kisha tafuta (?<=\d)/(=|-) na ubadilishe kwa .00. Hifadhi kila utafutaji kwa jina ndani ya dirisha lilo hilo, uweke namba mwanzoni mwa jina ili usije ukageuza mpangilio ukiwa umechoka.

Hiyo 99.5 imetoka Excel, ambayo huangusha sifuri ya mwisho. Irekebishe kule kule: ipe safu ya bei desimali mbili kabla ya kuhifadhi CSV, yaani faili la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa mikato. Na kama unatumia "Data Merge" kumimina orodha, kumbuka mkato wa maelfu: 1,250.00 isiyo ndani ya alama za kunukuu itagawanywa kuwa safu mbili. Faili la maandishi linalotenganishwa kwa tabu halina shida hiyo, na mimi hutumia hilo. Ukishamimina, tafuta KSh\s?[\d,]+\.\d(?!\d) bila kubadilisha chochote. Ikipata kitu, bei hiyo ina tarakimu moja baada ya nukta, na ni lazima uirudishe kwa mwenye duka badala ya kukisia.

Usianze na bidhaa zote 240. Fungua waraka mtupu, andika mistari mitano: KSh 85.00, KSh 12,499.00, Kshs. 120/=, ile ya mafuta yenye lita na tarehe, na moja yenye Ilikuwa. Pitisha usafishaji, ivishe mtindo wa Bei, tazama. Ukiona mstari wowote umekataa, niandikie mstari huo na ruwaza yake kama ulivyofanya safari hii. Ikisimama yote mitano, nakili mitindo kwenye faili la kipeperushi umimine orodha.