Wauza unga wanyongwe?

SWALI: Mhariri shkamoo. Huku kwetu Mombasa vijana wanaisha kwa unga, mama zao wanalia kila siku. Maskani tumebishana sana, wengi wanasema tuige Singapore, ukikamatwa nao unanyongwa basi. Nyie mnaonaje?

JIBU: Marahaba. Uchungu wako tunauelewa, ila hiyo Singapore iangalie vizuri kwanza. Kule heroini ikizidi gramu 15 sheria inasema kifo na jaji hana la kuchagua, labda uwe mbebaji tu na uwasaidie wapelelezi, hapo ndo unaweza kupata kifungo cha maisha na viboko. Sasa anayekamatwa na begi ni nani? Mara nyingi ni punda, dada wa watu kaahidiwa kazi na tiketi, mwenye mzigo yuko zake nyumbani anatafuta mwingine wa kumtuma. Si unamkumbuka yule Mkenya aliyehukumiwa kifo Vietnam Machi 2025 kwa kokeini ya zaidi ya kilo 2, watu kibao walimwombea asiuawe, na miezi michache tu baadaye Vietnam yenyewe ikafuta adhabu ya kifo kwa kosa la kusafirisha dawa za kulevya, japo kuuza na kutengeneza bado ni kifo. Malaysia nao 2023 wakaondoa ulazima, jaji anapima mwenyewe.

Mimi kitanzi nakikataa kabisa. Ukimnyonga punda umemuua shahidi ambaye angemtaja bosi. Na hao vijana wenu wanahitaji methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, Mombasa kliniki zipo, wapelekeni mapema.