Majibu yamesoma AS: je, mwanangu amepona sikoseli?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miaka minne, alipimwa SS akiwa na mwaka mmoja. Mwezi uliopita damu ilishuka, akaongezewa chupa moja hospitalini. Tuliporudi nyumbani bibi yake akaleta dawa ya mizizi, akanywa wiki tatu. Juzi tumempima tena, majibu yametoka AS. Mganga anasema kapona, tumwachishe vidonge. Tufanyeje?
Mama wa Sengerema

JIBU: Marahaba, mama. Msimwachishe hata kidonge kimoja. Mwanao bado ni SS, yaani ana sikoseli; AS ni anayebeba kasoro hiyo bila kuugua.

Hiyo A mliyoiona, yaani alama ya damu ya kawaida, ni ya mtu aliyemchangia damu. Chembe nyekundu za asiye na sikoseli huishi siku 120 hivi. Za mwanao ni siku 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo mashine imesoma damu ya watu wawili iliyochanganyika. Rudieni kipimo baada ya miezi mitatu au zaidi, kama hataongezewa tena hapo katikati, nanyi mtaona.

Karatasi kama hiyo nimeletewa mara nyingi mno, na inaniuma kila mara, kwa sababu mganga huitembeza kijiji kizima kama ushahidi. Nasi wa hospitalini tuna kosa letu: tarehe ya kuongezewa damu haiandikwi kwenye daftari la kliniki, na maabara haiulizi. Dai iandikwe, mama. Ni haki ya mtoto.

SS haigeuki AS. Kasoro iko ndani ya uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, unaotengeneza damu mpya kila siku, na hakuna mzizi unaobadilisha hilo. Uponyaji upo, lakini ni wa kupandikizwa uloto wa ndugu anayelingana naye. Huduma hiyo ilianza Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023. Anayekuahidi kupona kwa chupa ya dawa anakudanganya, awe mganga au muuza virutubisho.

Ninachokiogopa zaidi ni penisilini kuachwa. Bandama ya watoto hawa huharibika mapema, na vijidudu vya nimonia vikiingia kwenye damu vinaweza kuua ndani ya siku moja. Penisilini ni asubuhi na jioni, angalau mpaka afikishe miaka mitano. Haidroksiurea, dawa ya kupunguza makali ya sikoseli, nayo hufanya kazi inapomezwa tu. Mtoto anacheza vizuri kwa sababu ya vidonge hivyo hivyo mnavyoambiwa mviache!

Joto likifika 38, ni hospitali saa hiyo hiyo. Ninyi wa Ukerewe na visiwa vingine, msikae kungoja meli ya Mwanza: nendeni kituo cha karibu achomwe sindano ya antibiotiki, rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, ifuate baadaye.

Na chale za ubavuni, jamani, acheni. Bandama inayovimba ghafla imenasa damu ya mtoto ndani yake. Anahitaji kuongezewa damu haraka, na wembe unamzidishia hatari. Mwombe muuguzi akuoneshe jinsi ya kuipapasa chini ya mbavu za kushoto, uizoee mtoto akiwa mzima. Siku ukiikuta imekua kuliko jana na viganja vimepauka, usingoje kupambazuke.